Neno la Binti na Kimya cha Baba

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Kenya, mahali inapokutana mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia, upo mji wa Mandera. Mto Daua hupita kando yake, na nje ya mji nchi ni kame, yenye miiba na vumbi. Nchi ya ngamia, mbuzi na kondoo. Wenyeji wake ni Wagarre, Wamurule, Wadegodia na jamaa zao wengine, na karibu wote ni Waislamu. Katika nchi ya namna hii neno la mtu ni mali yake ya kwanza. Mwenye ngamia wengi humwazima jamaa yake aliyefilisika kwa ukame ngamia mmoja wa maziwa, pasipo hati wala muhuri, na wote wawili hujua ya kuwa mnyama yule atarudishwa. Ahadi ni deni, wasema Waswahili. Na huko kaskazini deni hilo hulindwa na ukoo mzima.

Lakini lipo swali moja ambalo si jepesi. Ikiwa aliyetoa neno ni mtu aliye chini ya mamlaka ya mwingine, neno lile ni la nani? Binti aliye nyumbani kwa babaye, au mke aliye nyumbani kwa mumewe, akijifunga kwa nadhiri mbele ya Mungu, je, amejifunga yeye, au lazima mwenye nyumba akubali kwanza? Swali hili liliulizwa katika Israeli ya kale, na watu ambao maisha yao ya mahema na mifugo yalifanana sana na maisha ya Mandera. Liliulizwa tena na mafakihi wa Kiislamu, na baadaye na majaji wa Kiingereza. Katika insha hii tutalifuata swali hilo kutoka Torati mpaka Mandera, ili tuone jinsi watu walivyolijibu, na kila jibu lilimgharimu nani.

Kwanza hapana budi tufahamu nadhiri ni nini. Nadhiri si ahadi ya kawaida baina ya mtu na mwenziwe. Ni neno ambalo mtu hujifunga nalo mbele ya Mungu kwa hiari yake mwenyewe: ama atatoa kitu fulani akipewa anachokiomba, ama atajinyima kitu ambacho ni halali kwake. Hapana amlazimishaye kuiweka. Lakini akiisha kuiweka, hiari yake imekwisha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 23, chafundisha ya kuwa asiyeweka nadhiri hana kosa, bali mwenye kosa ni yule aliyeiweka kisha akachelewa kuitimiza.

Sheria inayohusu swali letu imo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 30. Huko Musa awaambia wakuu wa makabila mambo manne. Mwanamume akiweka nadhiri, imemfunga, wala hapana wa kumfungua. Msichana aliye bado nyumbani kwa babaye akiweka nadhiri, babaye akasikia na kunyamaza, nadhiri imesimama; lakini babaye akikataa siku ile aliyosikia, imetanguka, na Mungu atamsamehe msichana. Mke aliye na mume, hali yake ni hiyo hiyo: mume akinyamaza, nadhiri imethibitika, akikataa siku ile aliyosikia, imetanguka. Ama mjane na mwanamke aliyeachwa, neno lao lasimama lenyewe kama neno la mwanamume, kwa kuwa hawamo chini ya mkono wa mtu.

Msomaji wa siku hizi akiisoma sheria hiyo mara moja tu, ataona jambo moja: ya kuwa mwanamke hakuwa huru. Naye hatakuwa amekosea. Sheria haikusema ya kuwa mke aweza kuitangua nadhiri ya mumewe, wala binti nadhiri ya babaye. Mamlaka ilikwenda upande mmoja tu. Tena tuangalie ya kuwa haikutaja hata kidogo nadhiri ya mwana wa kiume aliye nyumbani kwa babaye. Kwa hiyo haikuwa sheria ya wazee na vijana peke yake. Ilikuwa sheria ya wanaume na wanawake.

Hata hivyo, yafaa tujiulize kwa nini iliwekwa. Tuitazame nyumba ya mfugaji, iwe ya Yuda ya kale au ya Mandera. Katika nyumba hiyo kitu kimoja kina wenyewe wengi. Mbuzi ni wa baba kwa jina. Lakini maziwa yake ni ya watoto, ngozi yake ni ya kitanda cha bibi, na mwanawe amekwisha kuahidiwa shemeji. Mtu mmoja katika nyumba hiyo akiweka nadhiri ya kuchinja, hakutoa kilicho chake peke yake. Hata nadhiri ya kujinyima huwagusa wengine, kwa maana mwenye kufunga siku nyingi katika msimu wa kazi huwaachia wenziwe mzigo wake. Basi watu wa kale waliona ni lazima awepo mmoja wa kusema ndiyo au la kwa ajili ya nyumba nzima, nao wakampa kazi hiyo baba au mume.

Lakini waliompa mamlaka hayo waliyazungushia ua, na ua huo ndio sehemu ya sheria ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Ua wa kwanza ni wakati: mwenye nyumba ana siku moja tu, siku ile aliyosikia. Hawezi kuiweka nadhiri ya mkewe mfukoni, akaitoa na kuitangua mwaka ujao atakapoona yamfaa. Ua wa pili ni kimya: akinyamaza, kimya chake ni ndiyo, wala hawezi kusema baadaye ya kuwa hakutaka. Ua wa tatu ni hatia: mume akiitangua nadhiri baada ya kunyamaza, uovu wa kuivunja si wa mke tena, ni wa mume. Ua wa nne ni hali ya mwanamke mwenyewe: akiwa mjane au ameachwa, mamlaka yamekwisha. Kwa hiyo sheria ile haikumfanya mwanamke kuwa mtu asiye na neno. Neno lake lilikuwa neno la kweli mbele ya Mungu, nalo lilisimama lenyewe isipokuwa mtu mwingine amelikataa waziwazi, kwa wakati wake, na kwa kuibeba dhima yake.

Biblia ina hadithi ambazo kwazo twaweza kuipima sheria hiyo. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma habari za Hana, mke wa Elkana, aliyekuwa hana mtoto. Alikwenda Shilo akaomba kwa machozi, akaweka nadhiri ya kuwa akipewa mtoto wa kiume atamtoa kwa Bwana siku zote za maisha yake. Nadhiri hii haikuwa ndogo. Hana alimwahidi mtoto ambaye angekuwa wa Elkana pia, wala hatusomi ya kuwa alimwuliza Elkana kwanza. Kwa sheria ya Hesabu, Elkana alikuwa na uwezo wa kusema la. Mtoto alipozaliwa na Hana akasema atamwachisha ziwa kwanza ndipo ampeleke, Elkana alimjibu afanye aonavyo vema. Ndivyo Samweli alivyopelekwa hekaluni, akawa nabii na mwamuzi wa Israeli. Neno la mwanamke, lililoachwa lisimame na mumewe, liligeuza njia ya taifa.

Hadithi ya pili ni ya kuogofya, nayo imo katika Waamuzi, sura ya 11. Yeftha alipokuwa akienda vitani aliweka nadhiri ya kumtoa kwa Bwana chochote kitakachotoka mlangoni kwake kumlaki atakaporudi. Akarudi na ushindi, na aliyetoka kumlaki kwa matari na michezo alikuwa binti yake wa pekee. Binti aliomba miezi miwili tu ya kuomboleza milimani pamoja na wenzake, kisha akarudi, naye babaye akamtenda kama alivyoapa. Hapa twaona upungufu wa mamlaka yanayokwenda upande mmoja. Baba angeweza kuitangua nadhiri ya binti. Bali nadhiri ya baba, iliyoutoa uhai wa binti, binti hakuwa na njia ya kuitangua. Walimu wa Kiyahudi wa karne za baadaye walimlaumu Yeftha kwa kiburi chake, kwa kuwa hakwenda kwa wenye elimu kutafuta njia ya kufunguliwa.

Hadithi ya tatu imo katika Yeremia, sura ya 44. Wayahudi waliokimbilia Misri walikemewa na nabii kwa kumfukizia uvumba mungu wa kike waliyemwita malkia wa mbinguni. Wanawake walijibu ya kuwa wameweka nadhiri nao watazitimiza. Kisha wakauliza kama walifanya ibada hiyo pasipo waume zao kujua. Hoja yao ilikuwa na nguvu, kwa maana waume walijua na wakanyamaza. Basi nabii hakuwahukumu wanawake peke yao. Aliwahukumu waume na wake pamoja.

Katika karne zilizofuata, walimu wa Kiyahudi waliupunguza uwezo wa waume na baba badala ya kuuongeza. Katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, umo mlango mzima unaohusu nadhiri. Huko imeamuliwa ya kuwa mume hawezi kuitangua nadhiri yoyote ya mkewe apendavyo. Aweza kuzitangua zile tu za kujitesa nafsi, na zile zinazogusa maisha yao wawili. Baba naye hupoteza uwezo wake binti akiisha kufikia utu uzima. Nacho kipimo cha siku moja kilishikwa kwa ukali: jua likitua, nafasi imepita. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu aliwakemea wale walioitumia nadhiri kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi wao msaada. Kwake yeye, ahadi kwa Mungu haikuwa ruhusa ya kumdhulumu mtu wa nyumbani.

Sasa na tuirudie Mandera. Huko kitabu kinachosomwa katika vyuo vya watoto ni Kurani, na swali letu tutalikuta humo limevaa nguo nyingine. Hadithi inayolingana na ya Hana imo katika sura ya tatu, iitwayo Aali Imran. Mke wa Imrani, alipokuwa mja mzito, alimwekea Mungu nadhiri ya kilichomo tumboni mwake kiwe wakfu kwa utumishi wake. Akajifungua, na mtoto hakuwa wa kiume kama alivyotazamia. Alikuwa msichana, naye ndiye Maryamu, mama yake Isa. Nadhiri haikuanguka kwa sababu hiyo, Mungu aliipokea. Hapo hatusomi ya kuwa Imrani aliulizwa, wala ya kuwa alikuwa na uwezo wa kuikataa.

Ipo hadithi nyingine ya Mtume Muhammad ambayo mfugaji wa ngamia huielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mwanamke mmoja wa Kiansari alitekwa na maadui. Usiku aliponyoka, akampanda ngamia wa Mtume mwenyewe, aitwaye Adhbaa, ambaye naye alikuwa ametekwa, akaweka nadhiri ya kuwa Mungu akimwokoa juu ya mgongo wa mnyama huyo, atamchinja. Aliokoka akafika Madina. Mtume alipoambiwa, alistaajabu kwa malipo mabaya hayo aliyokusudiwa mnyama aliyemwokoa, akafundisha ya kuwa hapana kutimiza nadhiri ya maasi, wala nadhiri ya kitu asichokimiliki mwenye kuiweka. Tutazame vizuri sababu ya hukumu hiyo. Nadhiri haikutanguka kwa kuwa aliyeiweka ni mwanamke. Ilitanguka kwa kuwa ngamia hakuwa wake. Mwanamume angehukumiwa vivyo hivyo.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Torati iliilinda mali ya nyumba kwa kumpa baba au mume uwezo wa kukataa. Sheria ya Kiislamu iliilinda kwa kuuliza mali ni ya nani. Mke Mwislamu ana mali yake mwenyewe, na mahari ni haki yake yeye. Katika madhehebu ya Maliki, mke hazuiliwi kutoa sadaka, lakini akizidisha theluthi ya mali yake yampasa apate idhini ya mumewe. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Wasomali na ya watu wa pwani yetu, hayakuuweka mpaka huo. Lakini mume naye hakunyang'anywa kila kitu: mke haimfalii kufunga saumu ya sunna, naye mumewe yupo, bila ya ruhusa yake.

Tena sheria hiyo ilimtazama mume mwenyewe na viapo vyake. Katika siku za ujinga Mwarabu aliweza kuapa ya kuwa hatamkaribia mkewe, akamwacha hana mume wala talaka. Kurani, katika sura ya pili, iliweka mpaka wa miezi minne. Ukipita, mume hana budi kurudi au kuacha. Kadhalika mtu aliyeapa kisha akaona kiapo chake ni kibaya, alifunguliwa mlango wa kafara: kulisha maskini 10, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza, afunge siku 3. Laiti Yeftha angalikuwa na mlango kama huo, au angaliutafuta!

Lakini lisituhadae jambo moja. Lipo neno kubwa katika maisha ya binti ambalo katika Mandera halikuwa lake peke yake, nalo ni neno la ndoa. Kwa madhehebu ya Shafii, mwanamke haozi nafsi yake. Huozwa na walii wake, ambaye kwanza ni baba. Wahanafi walimruhusu mwanamke mzima kufunga ndoa yake mwenyewe, lakini Washafii hawakukubali. Zaidi ya hayo, mafakihi wa kale wa Shafii walimpa baba uwezo wa kumwoza binti bikira, na kuombwa ridhaa yake wakakuhesabu kuwa ni jambo jema tu. Mwanamke aliyekwisha kuolewa, mjane au mtalaka, hakuweza kuozwa mpaka aseme kwa kinywa chake. Hapa tena twamwona yule mjane wa kitabu cha Hesabu, ambaye neno lake lilisimama lenyewe.

Na hapa tena twakutana na kimya, lakini safari hii kimekaa upande mwingine. Katika Torati baba alinyamaza, na kimya chake kikawa ndiyo kwa neno la binti. Katika ndoa ya Kiislamu bikira huulizwa, na akinyamaza kwa haya, kimya chake huwa ndiyo kwa neno la baba. Kimya kilichompa uhuru binti wa Israeli kilikuwa cha mwenye nguvu. Kimya kilichomfunga binti wa Mandera kilikuwa cha asiye na nguvu. Hivi viwili havilingani. Mwenye nguvu anyamazaye amechagua. Asiye na nguvu huenda amenyamaza kwa kuwa hakuona faida ya kusema.

Mila nayo ilikuwa na neno lake. Kati ya Wasomali ndoa haikuwa shauri la watu wawili, bali la koo mbili; mali ilitoka kwa jamaa za mume kwenda kwa jamaa za mke, mbali na mahari yake mwenyewe, na kwa ndoa hiyo uadui wa zamani uliweza kutulizwa. Mila iliweza hata kumnyima binti haki aliyopewa na sheria: Kurani yampa fungu katika urithi, lakini aghalabu ngamia waligawanywa kwa wanaume peke yao. Hata hivyo watu hawakukosa njia ya kuupita ukuta. Mafakihi wa Shafii walikubali ya kuwa walii akiwa mbali, umbali wa safari ya siku mbili, kadhi aweza kusimama mahali pake. Basi binti na kijana waliokatazwa walitoroka usiku, wakatembea mpaka umbali huo, wakafungishwa ndoa. Wasomali waliita ndoa hiyo masaafo, na Mswahili atalitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa ndilo masafa. Uhuru wa binti huyo ulipimwa kwa miguu yake.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa wanaume wa huko walikuwa watu huru kabisa. Mwanamume wa Kisomali alifungwa na maagano ambayo pengine yeye mwenyewe hakuyatamka. Wazee wa koo walipokaa chini ya mti wakapatana juu ya dia na amani, mapatano hayo, yaitwayo heer, yaliwafunga wote, hata waliokuwa mbali malishoni. Mtu mmoja akiua, jamaa zake wote walilipa: ngamia 100 kwa mwanamume, na 50 kwa mwanamke. Serikali ya Kiingereza iliushika mtindo huo kwa mkono mzito zaidi. Kwa sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 iliweza kukamata mifugo ya kabila zima kwa kosa la watu wachache.

Na Waingereza wenyewe, waliotawala kaskazini mwa Kenya kwa kujiona walimu wa ustaarabu, walikuwa na historia gani katika jambo hili? Kwa sheria ya kale ya Uingereza, mwanamke alipoolewa nafsi yake mbele ya sheria ilimezwa na ya mumewe. Hakuweza kufunga mapatano kwa jina lake, na fedha aliyokuwa nayo ikawa ya mume. Hapakuwa na siku moja ya kusikia na kukataa, kwa kuwa sheria haikusikia neno lake kabisa. Bunge la Uingereza liliibadili hali hiyo kwa sheria ya mali ya wanawake walioolewa ya mwaka 1882. Kwa hiyo, katika mambo ya mali, mke wa mfugaji wa Kigarre, ambaye mbuzi wake walikuwa wake kwa sheria ya dini yake, alikuwa na haki ambayo bibi wa London aliipata baadaye sana. Sheria hiyo ya 1882 iliingia Kenya pamoja na sheria nyingine za Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ilikata shauri ya kuwa yatumika nchini.

Kenya ilipokuwa huru mwaka 1963, mahakama za kadhi zilihifadhiwa katika katiba, na sheria ya mwaka 1967 ikazipanga upya. Katiba ya mwaka 2010 yasema, katika kifungu cha 45, ya kuwa ndoa hujengwa juu ya ridhaa huru ya wanaooana, na ya kuwa mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na wanapoachana. Kifungu cha 170 chawapa makadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ikiwa wote wanaoshtakiana ni Waislamu na wamekubali hukumu ya mahakama hiyo. Mwaka 2013 Bunge liliiweka kando ile sheria ya Kiingereza ya 1882, likatunga sheria ya Kenya yenyewe, inayompa mke uwezo ule ule wa mume wa kumiliki na kufunga mapatano; nayo sheria ya ndoa ya mwaka 2014 yakataza ndoa ya mtu asiyetimiza miaka 18. Baba hawezi tena kusema kwa kinywa cha mtoto. Lakini sheria iliyoandikwa Nairobi ina safari ndefu mpaka hemani, na msichana wa mbali bado huhitaji mtu wa kumwambia ya kuwa ipo.

Kabla ya kumaliza, tutazame tukio moja la jirani zao wa Wajir. Katika mwaka 1992 na 1993 koo za huko zilipigana vita vikali. Watu wengi walikufa, na hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja aliogopa kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Kwa mila, mapatano ya amani ni kazi ya wazee wanaume. Lakini kundi dogo la wanawake, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, walikutana wakafungamana kwa ahadi ya kuwa soko litakuwa wazi kwa kila mtu, na walilinda neno lao kwa kukaa sokoni wenyewe. Kutoka hapo waliwaendea vijana na wazee. Wazee walisikia, nao hawakulitangua neno la wanawake. Tarehe 29 Septemba 1993 walitia sahihi mapatano yaitwayo ya Al-Fatah. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi yake ya amani; alifariki mwaka 2011. Mwanamke wa Kisomali ni binti wa ukoo mmoja na mke wa ukoo mwingine. Akisema amani, amesema kwa ajili ya nyumba mbili.

Basi historia hii yatufundisha nini? Yatufundisha ya kuwa mamlaka ya mwenye nyumba juu ya neno la wengine hayakuwa kamwe mamlaka yasiyo na mpaka. Hata sheria ya kale zaidi ilimwambia baba: sikia, amua leo, na ukinyamaza umekubali, na ukilivunja neno baadaye, hatia ni yako. Historia ya sheria tulizozitaja ni historia ya ua huo kusogezwa. Mahali pengine ulisogezwa ili kumpa mwanamke nafasi, mahali pengine ili kumbana. Nasi tukitaka kujua ua umekaa wapi katika nyumba yoyote, tusiulize tu nani anasema. Tuulize pia nani amenyamaza, na kama kimya chake ni cha kuchagua au cha hofu. Hana alipotoka Shilo uso wake haukuwa na huzuni tena, yasema habari yake. Alikuwa amesema neno lake mwenyewe, na nyumbani palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuliacha lisimame.